UZI: Kutambua ndege za zamani kwenye filamu za zamani. Usitazame rangi, tazama moshi unatokea wapi

Kipanga Mweusi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimekuwa nikiuahirisha tangu mwaka jana. Leo nimekuta tena watu wanabishana kuhusu ndege ya njano kwenye Out of Africa, nikaona bora niandike kirefu, mwenye kuongeza aongeze.

Mnaikumbuka ile filamu ya 1985 ya Sydney Pollack, Meryl Streep akiwa Karen Blixen na Robert Redford akiwa Denys Finch Hatton. Redford anatua na kindege cha njano, Karen anapanda, wanapita juu ya mbuga na flamingo, kisha mama yule ananyoosha mkono nyuma na kumshika mwenzake. Karibu kila ninayezungumza naye anaiita ndege ile Tiger Moth. Hata mimi niliiita hivyo kwa miaka. Niliiona mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, Tanga, nyumbani kwa mjomba, na mjomba akasema "hiyo ni Tiger Moth", nikalibeba neno lake kama lilivyo.

Siku moja nikasimamisha video pale Redford anapotua. Nikatazama pua ya ndege. Juu ya boneti kulikuwa na vichwa vya silinda vinne vimechomoza, vimepangana mstari mmoja kutoka mbele kwenda nyuma, wazi kabisa, vinapigwa na upepo. Kutoka hapo bomba refu la moshi linashuka na kulala ubavuni mwa bodi kuelekea nyuma.

Tiger Moth haina sura hiyo. Injini yake imefungwa kichwa chini miguu juu. Silinda zinaning'inia, kwa hiyo boneti kwa juu ni laini na linateremka kuelekea propela, na moshi unatokea chini ya pua. Ukishaiona tofauti hii mara moja huwezi tena kuchanganya hizi mbili.

Ya kwenye filamu ni de Havilland Gipsy Moth, DH.60. Ubavuni ina maandishi G-AAMY, unayasoma bila shida. Tena ni ya aina iitwayo DH.60GMW, iliyoundwa kwa leseni Marekani, mjini Lowell, Massachusetts. M ni kwa sababu kiunzi cha bodi ni cha chuma badala ya mbao, na W ni Wright, waliokuwa wakitengeneza injini ya Gipsy huko Marekani. Kwa hiyo "ndege ya Kiingereza" iliyoruka juu ya Kenya kwenye filamu ilizaliwa Marekani.

Finch Hatton mwenyewe, maana alikuwa mtu wa kweli, alikuwa na Gipsy Moth kweli, usajili wake G-ABAK. Ilianguka Voi tarehe 14 Mei 1931, muda mfupi tu baada ya kuruka. Alikufa yeye na mtumishi wake Kamau, Mkikuyu, ambaye filamu haimtaji kabisa pale inapoeleza ajali. Hili huniuma kila nikiitazama. Walikuwa watu wawili ndani ya ndege ile.

Nawasilisha. Nitaendelea na nyingine kadiri mtakavyouliza.

Mwana wa Voi

Mkuu umeshusha nondo, na kwa uzi huu neno lenyewe limekaa mahali pake, maana Moth si ndio nondo, yule mdudu wa usiku?

Mimi nimezaliwa Voi na habari za ajali hiyo nimezisikia tangu nikiwa mdogo, lakini jina la Kamau nimelijua ukubwani. Asante kwa kulitaja.

Swali langu: mbona Karen amekaa mbele na rubani yuko nyuma? Nilidhani waliigeuza kwa ajili ya kamera ili sura yake ionekane vizuri.

Kipanga Mweusi

Ndiyo mkuu, ni nondo yule yule. Geoffrey de Havilland, mwenye kampuni, alikuwa mpenzi mkubwa wa vipepeo na nondo, ndiyo maana ndege zake ndogo zina majina hayo: Gipsy Moth, Puss Moth, Fox Moth, Leopard Moth, Tiger Moth.

Hawakugeuza kitu. Kwenye Moth rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma. Kiti cha mbele kiko chini ya bawa la juu, karibu na kitovu cha uzito, kwa hiyo abiria awepo asiwepo, ndege haipotezi mizani. Ile picha ya mkono kunyooshwa nyuma, ambayo watu wameililia miaka yote hii, imewezekana kwa sababu ya jinsi ndege yenyewe ilivyoundwa.

Fundi Mstaafu

Wanangu, nimesoma nikafurahi. Niongeze kidogo.

Nilianza uanagenzi wa ufundi Embakasi mwaka 1971, enzi za East African Airways. Wakati huo sisi tulikuwa na VC10, ndege kubwa za jeti za abiria, lakini Jumamosi tulikuwa tunakwenda kusaidia kwenye klabu ya marubani kulikokuwa na ndege za nguo. Ninaposema nguo namaanisha nguo: bawa ni mbavu za mbao, juu yake unavuta kitambaa, unakishona kwa uzi kwenye kila ubavu, kisha unakipaka dawa ya kukikaza tabaka baada ya tabaka mpaka kinalia kama ngoma ukikigonga kwa kidole. Dawa ile ina harufu kama ya rangi ya kucha. Mpaka leo mjukuu wangu akipaka kucha zake nakumbuka banda lile.

Kwa nini injini iligeuzwa? Sababu ni mbili. Ukiigeuza, mhimili wa propela unakuwa juu, propela inapata nafasi zaidi kutoka ardhini, na hilo kwenye kiwanja cha nyasi na mawe ni jambo kubwa. Pili, rubani anaona mbele. Kwenye Gipsy Moth ya mwanzo vile vichwa vya silinda vinne viko mbele ya macho yako kama ukuta.

Kijana amesema kweli: anza na pua. Lakini ukimaliza pua nenda kwenye mabawa. Ya Gipsy Moth yamenyooka kama rula. Ya Tiger Moth yamerudi nyuma kidogo, mithili ya mshale. Walilisogeza bawa la juu mbele ili aliyekaa kiti cha mbele aweze kutoka na parashuti mgongoni, mizani ikaharibika, ndipo wakayapinda mabawa kurudi nyuma ili ikae sawa.

Kipanga Mweusi

Shikamoo mzee. Hili la parashuti nilikuwa nimelisoma juu juu tu, sasa limenikaa. Tafadhali usiondoke kwenye uzi huu.

Binti Ukerewe

Naomba kuuliza na mimi. The English Patient, ile ya 1996. Jangwani kuna ndege mbili za mabawa mawili. Moja ni Tiger Moth, naiona kwa maelezo yenu: boneti linateremka, mabawa yamerudi nyuma. Lakini ya pili nayo ina boneti la namna hiyo hiyo na mabawa yamerudi nyuma vile vile, ila mkia haufanani.

Kipanga Mweusi

Dada, una jicho. Ya pili ni Stampe SV.4, ya Ubelgiji, na wengi hupita juu yake bila kujua. Umeanzia mahali sahihi, mkia. Wa Stampe ni wa mviringo mzuri, kama sikio. Ukitaka uhakika zaidi, subiri ipinde hewani. Kwenye ukingo wa nyuma wa bawa kuna vile vipande vinavyopanda na kushuka kuipindisha ndege. Tiger Moth inavyo kwenye bawa la chini tu. Stampe inavyo juu na chini, vinne jumla, vinacheza pamoja.

Safari za kweli za jangwani za akina Almásy, yule mtafiti wa Hungaria anayehusika na hadithi ya filamu ile, mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilitumia Gipsy Moth, ileile ya silinda zilizochomoza. Walioshuti filamu ile Tunisia walichukua ndege zilizokuwepo na zilizoweza kuruka salama.

Hapa ndipo penye utamu wa shughuli hii, wakuu. Ukitazama filamu ya zamani una maswali mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza, hadithi inasema hii ni ndege gani? La pili, hii tunayoiona ni ndege gani kwa kweli? Majibu yakitofautiana, uliza ni kwa nini, na hapo utajifunza historia ambayo mwandishi wa filamu wala hakukusudia kukufundisha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Battle of Britain ya 1969. Walipoishuti mwaka 1968, Spitfire, ndege za kivita za Waingereza, zilipatikana. Tatizo likawa ndege za Wajerumani. Messerschmitt 109 zilizokuwa zikiruka zilikuwa zimekwisha karibu zote. Zikapatikana Hispania, ambako jeshi la anga lilikuwa limeacha karibuni tu kutumia Hispano Buchón, yaani Messerschmitt iliyoundwa Hispania. Na Hispania walipokosa injini za Daimler-Benz kutoka Ujerumani wakaweka za Uingereza, Rolls-Royce Merlin.

Sasa rudini kwenye somo la moshi. Injini ya Daimler-Benz imefungwa kichwa chini, mabomba yake ya moshi yako chini kwenye ubavu wa pua. Merlin imesimama wima, mabomba yako juu, karibu na mstari wa boneti. Simamisha filamu pale "Mjerumani" anapopita karibu na kamera: moshi unatoka juu, na chini ya pua kuna kidevu kikubwa kimevimba. Neno Buchón lenyewe ni jina la njiwa wa kule Sevilla mwenye kifua kilichotuna. Walioipa ndege jina hilo walikuwa wameiona pua hiyo hiyo unayoiona wewe.

Hata zile ndege kubwa za mabomu zinazopita kwa makundi, Heinkel 111, ni CASA 2.111 za Hispania, nazo zina Merlin. Maana yake ni kwamba ukiwasikiliza Waingereza na Wajerumani wanavyopigana kwenye filamu ile, pande zote mbili zinaendeshwa na injini ya kiwanda kimoja cha Uingereza.

Mwana wa Voi

Aisee. Nimeitazama mara tatu na sijawahi kuliona hilo. Nimefungua sasa hivi, mabomba yako juu kweli kweli.

Shabiki wa Kale

Wakuu, mie naona kama mnawaonea watengeneza filamu. Mtazamaji wa kawaida anafuata hadithi. Akijua bomba liko juu au chini anapata nini? Ndege ni ndege.

Kipanga Mweusi

Mkuu, siwaonei, nawaheshimu mno. Tora! Tora! Tora! ya 1970 ingekuwa rahisi kwao kutumia vijindege vya kuchezea. Badala yake walichukua ndege za mafunzo za Marekani, T-6 na BT-13, wakazikata, wakarefusha bodi, wakabadilisha vioo na mikia mpaka zikawa Zero, Kate na Val za Japani. Kazi ya mafundi wa kweli. Ukitaka kuitambua T-6 iliyojificha ndani ya "Zero", tazama bawa kutoka chini: ukingo wa mbele umerudi nyuma lakini ukingo wa nyuma umenyooka. Bawa la Zero halisi linachongoka pande zote mbili.

Na mtu anapata nini? Nikueleze kwa nini mimi nalijali. Ndege nyingi za miaka ile hazipo tena. Ziliungua, zilikatwa chakavu, zilioza nyuma ya mabanda. Filamu ndiyo mahali pekee unapoweza kuziona zikiruka, injini ikikohoa asubuhi, nyasi zikilala chini kwa upepo wa propela. Tukizipa majina ya uongo tunazipoteza mara ya pili.

Halafu kuna waliokufa. Hell's Angels ya Howard Hughes, 1930, ina ndege kubwa ya mabomu ya Kijerumani, Gotha. Si Gotha, ni Sikorsky S-29-A, ndege ya abiria iliyopakwa rangi. Iliangushwa wakati wa kushuti, rubani akaruka kwa parashuti, fundi Phil Jones aliyekuwa ndani akiwasha moshi wa kuigiza moto hakuruka. Mtu anayejua hiyo ni Sikorsky anajua pia kwamba ndani yake alikufa mtu. Anayedhani ni Gotha ya kivita hajui chochote.

Ile The Flight of the Phoenix ya 1965 nayo iko hivyo. Ndege ya mizigo inaanguka Sahara, manusura wanaunda ndege ndogo kutokana na mabaki. Iliyoanguka ni Fairchild C-82 Packet, ya mikia miwili. Wengi huiandika C-119, ambayo ni mdogo wake. Tofauti iko kwenye chumba cha rubani: cha C-82 kimekaa juu kama ghorofa, cha C-119 kimeshuka na kusogea mbele mpaka puani. Ndege ndogo waliyoiunda ilikuwepo kweli, ikaitwa Tallmantz Phoenix P-1, ikarushwa karibu na Yuma, Arizona. Tarehe 8 Julai 1965 iligusa ardhi, ikakatika katikati, na rubani Paul Mantz akafa. Alikuwa amerusha ndege za filamu tangu miaka ya 1930. Filamu ilikuwa haijakamilika, ikabidi vipande vilivyobaki vishutiwe kwa ndege nyingine kabisa, O-47. Kwa hiyo mwishoni mwa filamu mtazamaji makini anaona ndege mbili zinazojifanya moja, na tofauti kati yao ni kifo cha mtu. Kwangu mimi hiyo si "ndege ni ndege".

Shabiki wa Kale

Nimekuelewa mkuu. Hilo la Mantz sikulijua. Samahani.

Na ile ya North by Northwest, Cary Grant anakimbizwa shambani na ndege ya kunyunyizia dawa? Nayo ina siri?

Kipanga Mweusi

Hakuna haja ya samahani, swali lako ndilo lililonifanya niandike.

Ya 1959, ndiyo. Hadithi inasema Indiana, walishuti California. Inayomfukuza ni N3N, ndege ya mafunzo ya jeshi la maji la Marekani, iliyoundwa na kiwanda cha jeshi lenyewe. Inayogonga lori la mafuta na kulipuka ni Boeing Stearman. Nadhani sababu unaiona ukihesabu: N3N ziliundwa chini ya 1,000, Stearman zaidi ya 8,000. Baada ya vita Stearman zilijaa mashambani kila kona ya Marekani, kuipata moja mbovu ya kuchoma halikuwa jambo gumu.

Ndiyo maana nasema kila kipande cha filamu kitambue peke yake. Usidhani ndege iliyoruka ndiyo iliyotua. Tambua inaporuka, tambua tena inapotua, kisha linganisha. Na sauti usiitegemee, mara nyingi iliwekwa baadaye studio.

Binti Ukerewe

Na Casablanca?

Kipanga Mweusi

Lockheed 12 Electra Junior, injini mbili, mkia una mapezi mawili. Watu huandika Electra tu, lakini Electra yenyewe, Lockheed 10, aina aliyopotea nayo Amelia Earhart mwaka 1937, ni kubwa zaidi. Na ile inayosimama nyuma ya Humphrey Bogart kwenye ukungu ilikuwa mfano wa kuunda, mdogo kuliko ndege halisi, ndani ya studio. Wakaweka watu wafupi sana wavae nguo za mafundi wazunguke pembeni yake ili ionekane kubwa. Ukungu ukafunika yaliyobaki.

Mwana wa Voi

Tumezunguka Marekani na Ulaya. Turudi nyumbani. Shuleni tulioneshwa filamu ya Serengeti, ya zamani, ndege imepakwa milia ya pundamilia. Ile je?

Kipanga Mweusi

Hiyo nilikuwa naisubiri. Ni filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ya 1959, jina lake kwa Kijerumani ni Serengeti darf nicht sterben, Serengeti isife. Ilipata Oscar ya filamu ya makala. Ndege ni Dornier Do 27.

Huku kwetu watu wakiona ndege ya injini moja yenye bawa juu husema Cessna. Tazameni chini ya bawa. Cessna nyingi za miaka ile zina fito linalotoka kwenye bodi kwenda kushikilia bawa. Do 27 haina. Bawa limekaa juu ya bodi bila kushikiliwa na chochote, na vioo vya ubavuni ni vikubwa, unaona chini vizuri. Kwa watu waliokuwa wanahesabu nyumbu na pundamilia kutoka angani, na kutua mahali pasipo na kiwanja, ilikuwa ndege sahihi.

Usajili wake D-ENTE. D ni Ujerumani. Na ukiiondoa D na kistari chake, ENTE kwa Kijerumani ni bata. Walimpaka bata milia ya pundamilia.

Kwenye filamu hii hakuna ndege ya kuigiza. Unayoiona ndiyo iliyofanya kazi, na ndiyo iliyomuua. Tarehe 10 Januari 1959 Michael akiwa peke yake aligongana hewani na tumbusi, bawa likaharibika, ndege ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na majivu ya baba yake, aliyefariki mwaka 1987, yalizikwa hapo hapo. Nimesimama pale mara moja, kulikuwa na ukungu na nyasi zimelowa. Mtu ukipita, simama.

Fundi Mstaafu

Tumbusi si mchezo. Kwenye Serengeti rubani anachunga macho juu kuliko chini.

Mama Tunu

Hamjambo wanangu. Mimi si mtu wa ndege, nimeletwa huku na mwanangu.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa serikali Tabora. Aliacha mkanda wa filamu wa milimita 8, uliopigwa na rafiki yake Mhindi mwenye duka. Mwaka jana tulimpa mtu Dar akautoa ukawa video. Ni dakika tatu. Kuna harusi, kuna reli, halafu kuna ndege uwanjani. Ni ya rangi ya fedha, injini mbili, mabawa juu na chini. Watu wanashuka. Ningependa kujua ni ndege gani, na ni mwaka gani, kwa sababu kwenye mkanda hakuna tarehe na waliokuwepo wote wametangulia.

Kipanga Mweusi

Shikamoo mama. Pole na hongera kwa kuutunza mkanda huo.

Naomba uniangalizie vitu vitatu. Kwanza, ncha za mabawa: zimekatwa butu au zimechongoka? Pili, magurudumu: yako wazi, unaziona fito zake, au yamefunikwa na kitu kama suruali kinachoshuka kutoka kwenye injini? Tatu, herufi ubavuni.

Mama Tunu

Marahaba. Ncha zimechongoka kama jani la mwembe. Magurudumu yamefunikwa, unaona kipande kidogo tu cha mpira chini. Herufi ni V, P, kistari, K, halafu sioni.

Kipanga Mweusi

Mama, hiyo ni de Havilland Dragon Rapide, DH.89. Kaka yake, DH.84 Dragon, ana mabawa yasiyochongoka hivyo. Na yule mwingine wa ukoo huo, DH.86, ana injini nne. Ncha zilizochongoka pamoja na suruali kwenye magurudumu, kwa injini mbili, ni Rapide.

VP-K ulikuwa usajili wa Kenya kabla ya uhuru. Tanganyika ilikuwa VR-T, Uganda VP-U. Usishangae ndege ya Kenya kutua Tabora. East African Airways ilipoanza mwaka 1946 makao yake yalikuwa Nairobi, na ilianza na Rapide sita. Kwa hiyo kama ni ya shirika hilo, mkanda ni wa 1946 au baada ya hapo. Tukipata herufi mbili za mwisho tutaijua ndege yenyewe, na tukiijua yenyewe tutajua iliingia lini kazini na ilitoka lini. Hapo mwaka wako utabanwa pande zote mbili.

Mama Tunu

Herufi mbili za mwisho zimefichwa. Mbele yake amesimama mtu mwenye kofia, ameweka mkono kwenye ubavu wa ndege, anacheka. Ni baba.

Fundi Mstaafu

Mama Tunu, muache baba asimame hapo hapo. Herufi zile zile huandikwa kwa ukubwa zaidi chini ya bawa la chini na juu ya bawa la juu. Je, ndege inaruka kwenye mkanda, au mkanda unakatika ikiwa bado chini?

Mama Tunu

Inaruka. Mwishoni kabisa, inapita juu ya miembe, halafu mkanda unaisha. Inapita haraka, mimi nilikuwa sitazami bawa, nilikuwa natazama watu wanaopunga mikono.

Fundi Mstaafu

Basi hapo. Simamisha pale inapopita juu ya miembe, tumbo likiwa limegeukia kamera. Sogeza picha moja moja.

Mama Tunu

Kijana anarudi shule saa kumi. Nitamwambia.